Mato, Mkato

Ripoti hii nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa matusi, nikaifuta.
Ya pili ilikuwa kilio.
Ya tatu nimeipanga kama wanavyotaka:
nilifanya nini, nilitarajia nini, nikaona nini.

Nilitarajia mato.
Nikaona macho.

Duka langu liko Langoni, uchochoro wa nyuma ya msikiti.
Kutoa nakala shilingi kumi, kupiga chapa hamsini ukurasa,
barua za chifu, risala za harusi, maombi ya basari.
Jioni, nikishateremsha mlango nusu,
naandika tenzi za bibi, Somoe binti Shekuwe,
alizonisomea kitandani, kofia mapajani,
mtoto wa jicho keshafunga yote mawili
na vidole vyajua kila tundu:

      Sindano haina mato,
      hupenya na nguo nzito,
      hupita kama ni mto,
      uzi nyuma huandama.

Nikahifadhi. Nikafunga. Asubuhi nikafungua:
Sindano haina macho,
na vina viwili vya chini vimesimama
kama wageni waliofika karamuni, mwenyeji kahama.

Programu ni huria. Haina mwenyewe wa kumkamata shati,
ina watu tu, huku na huko,
wanaoitengeneza wakishatoka kazini.
Wa kwanza kunijibu ana jina la kwetu.
“Neno sahihi ni macho,” akasema. “Programu haina kosa.”
Akaifunga ripoti.

Nikaifungua.
Ndugu yangu, sikuuliza lipi sahihi.
Nimezima usahihishaji, nao haukuzimika.
Kosa ni hilo. Mengine tutaelezana ukija Amu,
nitakupa mkate wa mofa, uniambie kwenu waitwaje.

Wa pili aitwa Tibor. Kwake, asema, haitokei.
Jino nalo huacha kuuma mlangoni pa daktari.
Aomba faili dogo kuliko yote
ambalo bado laonyesha kosa.
Punguza, asema, punguza hadi kisichopunguka.

Basi nikaanza kumkata bibi.
Nikatoa beti mia na kumi na nne. Kosa lipo.
Nikautoa uzi. Lipo.
Nikautoa mto, nikaitoa nguo nzito.
Nikaitoa na sindano, kidole kikisita juu ya kitufe.
Lipo.
Likabaki neno moja na alama yake:

mato,

Nikaondoa mkato. Mato yakatulia.
Nikaurudisha. Macho.
Nikauondoa. Nikaurudisha.
Saa sita ya usiku nikacheka peke yangu dukani
mpaka Lali wa jirani akagonga ukuta.

Ni mkato, nikamwandikia Tibor.
Ikikutana na mkato mwisho wa mstari
programu husahau ilivyokatazwa.

Siku kumi na moja, kimya.
Stima ilipotea mara mbili.
Mtu alikuja kuchapisha tangazo la punda wake,
akabishana nami kama ni wa kijivu au wa majivu,
nikamwandikia alivyosema yeye.

Kisha jibu. Mstari mmoja umebadilishwa,
mmoja tu, katika maelfu.
Tibor aeleza kwamba haitoshi kuponya,
lazima mtu akae macho
(ndivyo nilivyomwelewa, na kwa mara ya kwanza
neno lile halikuniudhi).
Kila mtu atakapoleta badiliko, lolote,
kabla halijapokewa, mashine italifungua faili,
italihifadhi, italifunga, italifungua tena,
na isipoyakuta mato mahali pake
italikataa badiliko zima.
Usiku na mchana, asema, hata sisi tukiwa tumelala.

Akaniomba faili la kuweka huko.
Lile la neno moja lingetosha.
Nikampelekea ubeti mzima.